Juu ya Neno "Uhuni" na Matumizi Yake

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kukemea. Ufedhuli ni kiburi kinachotukana; usafihi ni ulimi usio haya; ufasiki ni kuvunja amri ya dini kwa makusudi; ulaghai ni kudanganya kwa kutafuta faida; na utundu ni wa watoto, hata mara nyingi mtu mzima humtaja mtoto mtundu huku anacheka. Kila moja la maneno haya lina mpaka wake, na msemaji aliyekulia katika lugha hapati taabu kubwa kuueleza mpaka huo akiulizwa. Uhuni haufanani na hayo. Ni neno linalosikika kila siku, sokoni, shuleni, barazani na hata katika mabishano ya wakubwa, na kila alisikiaye huona amelielewa. Lakini akiulizwa mhuni amefanya nini hasa, hujibu kwa mifano isiyolingana. Mmoja atamtaja kijana akaaye kijiweni mchana kutwa. Mwingine atamtaja mwanamke aliyeonekana akitoka katika nyumba ya wageni. Wa tatu atamtaja mwenye nyumba aliyepokea kodi ya miezi sita kwa wapangaji wawili, na chumba ni kimoja. Wa nne, akiwa ni mtu wa Nairobi, atalitaja kundi lenye marungu.

Makamusi yamelikabili jambo hili kwa njia iliyo ada ya makamusi, yaani kwa kuyapanga maneno mengine mstarini na kumwachia msomaji achague. Katika kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939, mhuni ni mzururaji, na papo hapo ni mtu asiye na ndoa asiyeshika sheria, na tena ni mpotevu wa tabia. Msomaji haambiwi kwa sababu gani sifa hizi zikae nyumba moja. Mtu aweza kuzurura naye ana mke na watoto; aweza kuwa hajaoa naye ni wa kwanza kufika msikitini au kanisani; aweza kuwa mpotevu asitoke nje ya ua wake. Kuongeza maana ya nne na ya tano, kama lugha ya leo inavyodai, hakuondoi swali hilo. Huongeza tu wapangaji katika nyumba ambayo mwenyewe hajulikani.

Kiungo cha maana hizi kipo, nacho kinaonekana mtu akiacha kutafuta tendo. Uhuni, katika matumizi yake yaliyo hai, hautaji tendo lolote. Hutaja hali ya mtu kutokuwa na wa kumwuliza: baba, mume, mke, ukoo, mwajiri, mwalimu, au kanuni ya mchezo. Mhuni ni mtu ambaye ukimkuta njiani ukauliza "huyu ni wa nani?" hupati jibu.

Sarufi yenyewe inashuhudia. Mwizi hutokana na kuiba, mlevi na kulewa, mzururaji na kuzurura. Na kwa kuwa kila mmoja ana kitenzi chake, kila mmoja aweza kuulizwa swali lililo wazi. Ameiba nini? Amelewa lini? Amezurura wapi? Kitenzi kuhuni kimo katika makamusi, lakini ni wachache wanaokitamka, na hata hao hawakipi mtendwa, hakuna aulizaye "amehuni nini?" Husemwa kufanya uhuni, kuleta uhuni, kuingia katika uhuni na kuacha uhuni. Mtu atasema kwamba wizi nao huachwa, na ni kweli. Hoja hii peke yake haitoshi. Lakini wizi huhesabika. Karani wa mahakama aweza kuandika makosa matatu ya wizi na hakuna atakayeshangaa. Akiandika makosa matatu ya uhuni, hata mshtakiwa ataona pana jambo lililokosewa katika hati.

Jambo la pili la sarufi ni umbo. Fedhuli, safihi, fasiki na fisadi ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na hutajwa bila kiambishi cha mtu mbele. Wingi wao aghalabu ni mafedhuli, masafihi, mafasiki, mafisadi. Mhuni amekaa katika ngeli ya watu kama mtoto na mgeni, wingi wake wahuni, na hali yake uhuni. Kisha lipo kihuni, ambalo pengine ndilo linalotumika zaidi kuliko yote, nalo hufuata hata vitu visivyo na roho. Husemwa suruali ya kihuni, mkataba wa kihuni, muziki wa kihuni, nywele za kihuni. Nywele haziwezi kutenda kosa. Zikiitwa za kihuni, maana yake ni kwamba mwenye kichwa hana mtu nyumbani wa kumwambia akazinyoe, au yuko mtu huyo na hasikilizwi.

Katika mambo ya ndoa, maana hii ya asili ingali na nguvu mpya, na ni ajabu kwamba walimu wengi huifundisha kama maana iliyokufa. Kijana wa Dar es Salaam, mpole, mwenye kazi, ambaye hakuna jirani aliyemsikia akipaza sauti, siku ya arusi yake marafiki zake watasema: "Hatimaye kaacha uhuni." Hakuna amtukanaye, wala mama yake bwana arusi hakasiriki. Uhuni aliouacha si mwenendo mbaya, maana hakuwa nao. Ni ukapera tu, hali ya kuishi bila mtu ambaye usiku ukiwa mkubwa atauliza ulikuwa wapi. Ukapera na useja ni majina ya hali hiyo yasiyo na lawama. Uhuni huitaja kwa upande wa wale wanaoitazama kutoka nje na wasiojua wampelekee nani mashtaka.

Lakini mzaha huu una jinsia. Husemwa kwa bwana arusi. Bibi arusi akiambiwa mbele ya wazee wake kwamba ameacha uhuni, arusi yenyewe yaweza kuvunjika. Kwa mwanamume neno limebeba daraja nyingi, tangu kijana asiyetulia hadi mtu hatari. Na kati ya daraja hizo ziko nyingi anazoweza kuzipita na kurudi, kwa kuwa husemwa ni ujana na utakwisha. Kwa mwanamke daraja hizo zimefutwa. "Mwanamke mhuni" ina maana moja tu katika masikio ya watu wengi, nayo ni umalaya. Mtunga kamusi akiandika kwamba mhuni ni mtu wa tabia mbaya, mwanamume kwa mwanamke, atakuwa ameandika uongo kwa kunyamaza. Mwanamke aliyepanga chumba peke yake, mwenye mshahara wake, asiye na mume wala kaka mjini, huitwa mhuni kwa jambo lile lile ambalo kwa mwanamume huitwa kujitegemea. Hajatenda lolote. Ila hana wa kumwuliza, na kwa mwanamke hali hiyo huhesabiwa kuwa tendo tayari.

Hapo ndipo neno linapoacha kuwa mali ya wasemaji na kuwa chombo cha wenye amri. Historia ya mji wa Dar es Salaam yaonyesha jambo hili kwa uwazi. Katika miaka ya 1940 na 1950 watu wengi waliuingia mji kutoka mashambani kutafuta kazi, na hesabu ya mwaka 1957 ilikuta wakazi zaidi ya 128,000. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na lugha yao yenye maneno tele ya kumtaja mtu asiye na kazi. Lakini katika barua na taarifa zao walilichukua neno wahuni lilivyo, wakaliweka katikati ya sentensi za Kiingereza bila kulitafsiri. Labda waliona halitafsiriki. Labda waliona lawafaa zaidi kuliko maneno yao, kwa kuwa halidai ushahidi wa tendo. Askari walipita vichochoroni na sokoni; aliyeshindwa kuonyesha kazi au stakabadhi ya kodi alirudishwa kwao. Wazee wa mji wenyewe wengi hawakupinga, maana nao walikuwa na wahuni wao wa kulalamikia. Hapo palikuwa na maelewano ya ajabu kati ya mzee wa mtaa na ofisa: kila mmoja alitamka neno moja, mmoja akikusudia mtoto asiyejulikana ukoo wake, mwingine akikusudia mtu asiyejulikana kazi yake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mji uliendelea kukua, na hesabu ya mwaka 1967 ilipita watu 272,000. Jitihada za kuwarudisha mashambani wasio na kazi nazo ziliendelea. Iliyokumbukwa zaidi ni ile ya mwaka 1983, iliyofuata sheria ya kuwapangia watu kazi ikajulikana mitaani kwa jina la Nguvu Kazi. Maneno ya kisiasa ya miaka ile yalikuwa mapya, kama kupe na mlanguzi, lakini haya yalihitaji sababu: kupe ananyonya damu ya mtu, mlanguzi anaficha bidhaa. Mhuni hakuhitaji sababu. Alikuwako tangu zamani, akabaki kama alivyo.

Pasiwe na fikira kwamba neno hili ndilo lililoandikwa katika sheria. Sheria iliandikwa Kiingereza. Vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vilitaja watu wavivu na wenye fujo, na watu wazururao wasio na njia ya kuishi ijulikanayo. Na chimbuko la fikira hizo ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa kwa ajili ya maskini wa barabara za Uingereza. Si jambo dogo kwamba sheria iliyotungwa kwa watu wa mbali ilikuta Pwani neno lililokwisha kuwa tayari. Huenda isingeota mizizi kirahisi namna ile kama wasemaji wa Kiswahili wasingekuwa na jina lao la mtu anayelaumiwa kabla hajatenda.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni ya ushauri juu ya sheria za namna hii katika bara zima. Ilisema kwamba hazipatani na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa humwadhibu mtu kwa hali yake, si kwa alilotenda, na kwamba majina yenyewe yanayotumika ndani yake humshusha mtu utu wake. Mtaalamu wa lugha akisoma maoni hayo ataona jambo ambalo wanasheria wamelifikia kwa njia yao: ni lile lile linaloonyeshwa na kitenzi kuhuni kukosa mtendwa.

Jambo hili si la kihistoria tu. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo kazi ya kuzitafsiri sheria imewakalia watafsiri mezani. Mtafsiri afikapo katika maneno ya Kiingereza ya mwaka 1824 atakuwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuandika mhuni, kwa sababu ndilo neno ambalo kila raia atalielewa. Na kwa hakika atalielewa, ila kila mmoja kwa namna yake, na polisi kwa namna pana kuliko wote. Cha pili ni kuandika mzururaji. Hili la pili halina uzuri mwingi, na maoni ya Mahakama yanahoji hata lenyewe, lakini lina kitenzi, na penye kitenzi mshtakiwa aweza kuuliza: nilizurura wapi, na lini, na nikielekea wapi? Neno linaloruhusu swali hilo ni bora katika sheria kuliko neno linalolizima. Ikiwa mtafsiri ana hiari, basi mhuni asiingie kabisa katika kifungu chochote cha adhabu.

Kenya imelichukua neno mahali pengine. Huko, katika redio na magazeti, wahuni ni watu wa vurugu: waliovamia mkutano, waliopora maduka wakati wa maandamano, waliochoma gari. Ndoa haimo, wala uvivu. Kwa mara ya kwanza pana tendo, na tena tendo zito, kiasi cha kwamba msemaji wa Tanzania angetaka kuwaita majambazi. Je, matumizi haya hayavunji hoja iliyotolewa hapo juu? Yangeivunja kama yasingekuwa na nyongeza yake. Mwandishi wa Nairobi mara nyingi hasemi wahuni peke yake, husema "wahuni waliokodiwa." Nyongeza hiyo ni ya lazima kwa sababu neno peke yake humwambia msikilizaji kwamba watu hawa hawana aliyewatuma. Mwandishi anajua, au anashuku, kwamba yuko aliyewalipa. Basi hulazimika kuurudisha kwa kivumishi ule uhusiano ambao jina limekwisha kuukata. Na pale taarifa ya wakubwa inapotaka mlipaji asitafutwe, kivumishi huondolewa, likabaki jina tupu. Tofauti kati ya habari mbili za tukio moja yaweza kuwa ni neno hilo moja la "waliokodiwa," na msomaji makini hufanya vema kulitafuta.

Kwa upande wa Tanzania, badiliko kubwa la miaka ya karibuni ni kwamba neno limepanda ngazi. Zamani lilishuka tu: mzee kwa kijana, mwenyeji kwa mgeni, ofisa kwa raia. Sasa raia hulitamka kuelekea juu. Mkataba uliotiwa sahihi gizani ni uhuni. Karatasi za kura zikipatikana mahali pasipo pake, ni uhuni. Klabu ya mpira ikibadilishiwa uwanja usiku wa kuamkia mchezo, wapenzi wake hulia uhuni. Katika mifano hii hakuna mtu asiye na kazi, wala asiye na nyumba. Wanaoshtakiwa wana ofisi na magari. Kilichobaki ni kile kiini peke yake, kutokuwa na wa kuwauliza. Maskini hana wa kumwuliza kwa sababu amekosa watu, na mkubwa hana kwa sababu hakuna athubutuye. Na lugha, bila kushauriwa na mtu, imewapa wawili hawa jina moja. Wapo wasomi wanaosikitika kwamba neno limepotoka hapa. Halikupotoka. Ufisadi ungetaja mali iliyoliwa, na rushwa ingetaja mkono uliopokea. Lakini mara nyingi asemaye "huu ni uhuni" hana ushahidi wa mali wala wa mkono. Anajua tu kwamba kanuni ilikuwako na mtu akapita juu yake asiulizwe.

Vijana nao wamefanya la kwao. Muziki wa kizazi kipya ulipoanza kusikika katika miaka ya 1990, wakubwa wengi waliuita muziki wa kihuni, na vijana waliouimba wakaitwa wahuni. Hawakulikana jina. Leo kijana wa mjini humsalimu rafiki yake kwa kumwita mhuni, na "wahuni wangu" ni watu wake wa karibu kabisa, wale watakaomtafuta akipotea siku mbili. Mchezaji akipiga pasi ambayo hakuna aliyeitazamia, watazamaji husema ameipiga kihuni, na hiyo ni sifa. Maana imegeuka juu chini, kama inavyotokea kwa maneno mengi ya matusi yakiokotwa na waliotukanwa, na katika kugeuka huko limetokea jambo la kuchekesha: neno la mtu asiye na watu limekuwa jina la watu alio nao. Haifai kuliita hili uharibifu wa lugha. Afadhali walimu waache pia kuiita lugha ya vijana "Kiswahili cha kihuni," maana kwa kusema hivyo hawaelezi kosa lolote la sarufi. Wanasema tu kwamba hawajui lugha hiyo ina baba gani.

Kwa haya yote, maelezo ya kamusi ijayo hayana haja ya kuwa marefu kuliko ya sasa, ila yapangwe kwa namna nyingine. Kwanza litajwe lile liunganishalo, yaani mtu, na kwa kihuni hata kitu, kisicho chini ya mtu au kanuni ya kukiuliza. Chini yake ziwekwe namna zake: asiye na ndoa, asiye na kazi wala makao, mwenye kuvunja utaratibu kwa kujiona haulizwi, mtu wa vurugu, na hapo iandikwe Kenya, rafiki, na hapo iandikwe vijana wa mjini. Yaelezwe kwamba likisemwa kwa mwanamke hupokewa kama tusi la zinaa. Na katika mifano ya matumizi, ambayo kwa kawaida hutungwa mezani na hunuka meza, wa kwanza uwe ni ule wa arusi: hatimaye kaacha uhuni.